Gauni la sherehe la mtoto likaguliwe ndani kwanza

Katika kila sherehe huwa kuna mtoto mmoja asiyecheka pichani. Gauni lake ni jeupe, linang'aa, rinda limefura kama mwavuli, na mashangazi wote wameshasema amependeza. Lakini mkono wake mmoja uko kwapani anajikuna, na mwingine unavuta shingo ya gauni. Mama anamwambia atulie. Mpiga picha anamwambia atabasamu. Hakuna anayemuuliza ndani ya gauni kuna nini.

Swali hilo lina uzito mjini Tabora, ambako kalenda ya familia imejaa siku za gauni. Kuna Komunyo ya Kwanza na Kipaimara kwa Wakatoliki, kuna Idi, kuna ubatizo, kuna harusi zinazohitaji watoto wa kushika maua, na siku hizi kuna mahafali ya chekechea. Siku hizo zikikaribia, kwenye baraza za maduka cherehani za miguu hulia hadi jioni, na juu ya meza huonekana vitambaa vilevile: satini, shifoni, organza na neti.

Ni vitambaa vinavyofurahisha macho na kusumbua mikono. Vinateleza mezani, vinakimbia chini ya sindano, na kingo zake huanza kuchomoka nyuzi mara tu mkasi unapopita. Kosa nalo halifichiki. Mshono ukifumuliwa kwenye satini, matundu ya sindano hubaki kama mstari wa nukta. Fundi anayekimbizana na siku ya sherehe hujikuta nguvu zake zote zimeishia upande wa nje, kule kutakakopigwa picha. Upande wa ndani hubaki na kingo zinazochoma, nyuzi zinazoning'inia na neti iliyoachwa wazi.

Wageni hulitazama gauni kwa nje, lakini mtoto hulivaa kwa ndani.

Mji uliozoea kupima nguo

Tabora si mgeni wa vitambaa. Katika karne ya 19, hapa Unyanyembe ndipo zilipokutana njia za misafara: moja ikitoka Bagamoyo, nyingine ikiendelea magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, na nyingine ikipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walishusha pembe za ndovu pwani, na waliporudi bara walibeba nguo, shanga na nyaya za shaba.

Nguo ndiyo iliyokuwa fedha. Kwa nguo msafara ulinunua chakula, ulilipa wapagazi na ulitoa hongo kwa machifu ili upite katika nchi zao. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, jina lililotumika wakati huo kwa Tabora, Novemba 1857, biashara hiyo ilikuwa imeshamiri, na baadaye Burton aliandika orodha ndefu ya vitambaa vya njiani. Kulikuwa na merikani, kitambaa cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikotoka. Kulikuwa na kaniki iliyotiwa nili. Juu yake kulikuwa na vitambaa vya heshima kutoka Bara Hindi na Uarabuni, kama debwani na sohari, vyenye rangi na mistari, na vingine vikiwa na nyuzi za hariri. Hivyo ndivyo vilivyopelekwa kwa wakubwa.

Kipimo kilikuwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ilikuwa shuka, mikono minane ilikuwa doti. Maneno hayo hayajafa: khanga bado huuzwa kwa doti, na mwenye duka bado hushusha jora kutoka kwenye rafu. Hata mtumba ulikuwa mzigo wa nguo uliofungwa ili ukae begani mwa mpagazi, kabla jina hilo halijahamia kwenye marobota ya nguo zilizovaliwa ng'ambo.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na leo jora linaweza kupakiwa Kariakoo na kushushwa hapa bila kugusa bega la mtu. Lakini kuna tabia moja ya zama za misafara inayostahili kurudi barazani. Mtu aliyelipwa kwa kitambaa alikuwa na sababu ya kukipima, kukishika na kukitazama pande zote kabla ya kukubali. Mzazi wa leo mara nyingi huonyeshwa picha kwenye simu, huchagua rangi, hulipa kianzio na kuondoka.

Jina la dukani na nyuzi zenyewe

Ukaguzi huanza kwa kujua kitambaa ni nini. Satini si jina la nyuzi bali la ufumaji. Uzi mmoja hupita juu ya nyuzi kadhaa kabla ya kuzama chini ya mmoja, na ndiyo maana uso wake ni laini na unang'aa. Ufumaji huo unaweza kufanywa kwa hariri inayotokana na viwavi, kwa pamba, au kwa poliesta inayotengenezwa kiwandani kutokana na mafuta ya petroli. Vivyo hivyo kwa shifoni na organza. Kitambaa cha bei nafuu kinachoitwa hariri dukani, mara nyingi ni poliesta.

Fundi mzoefu ana njia ya kujua. Huchomoa nyuzi chache kwenye ukingo, huzishika kwa koleo ndogo na kuzichoma juu ya sahani ya bati, mbali na kitambaa chenyewe na mbali na watoto. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Hariri huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake husagika kwa vidole. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha donge gumu.

Tofauti hii humgusa mtoto moja kwa moja. Pamba hunywa jasho, poliesta hainywi. Katika joto la Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza Tabora, mtoto aliyevikwa poliesta tupu na kukalishwa kwenye ibada ya saa tatu hubaki na jasho lake mgongoni na shingoni. Matundu ya jasho yakiziba, vipele vya joto hutokea. Mwenye pumu ya ngozi huumia zaidi, kwa sababu jasho na msuguano ni vitu viwili vinavyoiamsha haraka.

Kuna pia dawa zinazotiwa viwandani ili kitambaa kisikunjamane, baadhi zikiwa na fomalini, ambayo huweza kuwasha ngozi. Kwa hiyo kitambaa kinachofuliwa ni vizuri kifuliwe kabla ya kukatwa. Faida ni mbili: dawa na rangi iliyozidi hupungua, na kama kitambaa kinarudi, kitarudi kabla ya gauni kushonwa.

Mezani kwa fundi

Kitambaa kinachoteleza hakishindwi kwa nguvu. Fundi anayekivuta ili kikae sawa hukikata kikiwa kimevutika, na kinapoachiwa hurudi, hivyo upande mmoja wa gauni huwa mfupi kuliko mwingine. Dawa ya kwanza ni kutandika shuka la pamba au khanga juu ya meza. Pamba hushika, fomeka huteleza. Kitambaa hulazwa juu yake kikiwa tabaka moja, si mawili, na huachwa kitulie.

Badala ya pini nyingi, mafundi wengine huweka vitu vizito kwenye kingo za karatasi ya kipimo. Panapohitajika pini, huwa nyembamba na huchomwa ndani ya eneo la mshono tu, kwa sababu tundu lake kwenye satini halizibiki. Vipande vyote hukatwa vikiwa vimeelekea upande mmoja. Satini hung'aa tofauti ikigeuzwa, na kifua kinaweza kuonekana cheupe huku rinda likionekana la kijivu, ingawa vyote vimetoka kwenye jora moja.

Halafu huja sindano. Sindano namba 16 iliyotoka kushona suruali ya kadeti haifai hapa, maana itatoboa na kuvuta nyuzi. Vitambaa hivi hutaka namba 9 au 11, mpya, na uzi mwembamba. Mshono huwa mfupi, wa karibu milimita mbili. Cherehani ikikimeza kitambaa kwenye tundu la sindano, fundi hutanguliza kipande cha karatasi nyembamba chini yake, hushona vyote pamoja, kisha huichana karatasi polepole. Mwanzoni mwa mshono hushika ncha za nyuzi zote mbili, wa juu na wa bobini, hadi meno ya cherehani yashike.

Kupiga bandi kwa mkono kabla ya kushona huonekana kama kupoteza muda. Kwenye shifoni ndiko kuokoa muda. Dakika ishirini za bandi hupunguza saa mbili za kufumua.

Tabora ni mkoa wa asali, na nta ya nyuki wake imeuzwa nje tangu enzi za ukoloni. Barazani ina kazi ndogo lakini nzuri: uzi wa kushonea vifungo ukipitishwa kwenye nta haujifungi mafundo na hushika imara. Hautumiki tu mahali ambapo pasi itapita juu ya satini, kwa sababu nta huyeyuka na kuacha doa.

Pasi nayo ina mtihani wake. Pasi ya mkaa haina kipimo cha joto, na cheche moja au punje ya jivu hutosha kuharibu kazi ya siku tatu. Fundi hujaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki, huweka kitambaa cha pamba katikati, na hupiga upande wa ndani. Rinda lililokatwa mshazari huning'inizwa usiku mzima kabla ya kukunjwa pindo, kwa sababu litarefuka. Asiyesubiri atapata pindo la mawimbi.

Mazungumzo ya bei

Yote hayo huonekana nje. Kinachomhusu mtoto zaidi ni bitana, na bitana ndiyo hukatwa kwanza bei inapobishaniwa. Mazungumzo ya barazani mara nyingi huenda hivi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Karibu. Huyu ndiye bibi harusi wetu?"

"Ndiye, anapokea Komunyo Jumapili ya wiki ijayo. Nataka kama hili la kwenye simu, ila punguza bei, fundi. Hali yenyewe unaijua."

"Naijua, mama. Nikitoa bitana nitakupunguzia."

"Basi toa. Si haionekani?"

Wote wawili wana sababu zao. Mama amejinyima ili mwanawe asijisikie mnyonge mbele ya wenzake. Fundi ana kodi ya fremu na ana wateja wengine watano wa Jumapili hiyohiyo. Lakini makubaliano yao yatalipwa na mtu wa tatu, mwenye miaka tisa, ambaye hakuulizwa.

Kama kuna kitu cha kupunguza, kipunguzwe nje. Tabaka moja la neti likiondolewa, rinda litafura kidogo tu pungufu. Ua la kiunoni, shanga za kifuani na lesi ya mikononi vinaweza kusubiri. Fedha hiyo inunue bitana ya pamba nyepesi, inayofunika kifua, mgongo na makwapa, na kushuka hadi chini ya kiuno, mahali neti inapokutana na ngozi. Kwa mtoto wa shule ya msingi ni mita chache tu.

Mishono ya kitambaa chembamba nayo ina namna yake ya kufungwa. Fundi hushona kwanza pande za ndani zikiwa zimetazamana, hupunguza ukingo, hugeuza, kisha hushona tena ili ukingo ubaki umefungiwa ndani. Hakuna uzi unaochomoka, hakuna kinachokwaruza, na shifoni inayopenya mwanga haionyeshi fujo. Ni mishono miwili badala ya mmoja, na anayeitaka hana budi kuilipia.

Shule nzuri ya kazi hii ipo sokoni, kwenye mitumba. Gauni la mtoto lililochakaa nje, lililotengenezwa vizuri, likigeuzwa na kufumuliwa taratibu humwonyesha fundi kijana jinsi bitana ilivyoshikwa shingoni, neti ilivyofungiwa kati ya matabaka mawili, na zipu ilivyofunikwa ili isiguse mgongo. Gauni la bei ndogo kama hilo hufundisha mambo ambayo picha ya simu haiyaonyeshi, kwa sababu picha haina upande wa ndani.

Mshumaa na gauni

Kuwashwa hupona jioni gauni linapovuliwa. Kuna hatari nyingine isiyopona haraka. Gauni la sherehe la mtoto ni jepesi, pana na limejaa hewa kati ya matabaka yake, na moto hupenda vitu vitatu hivyo. Siku hiyohiyo mtoto hukabidhiwa mshumaa kanisani, hupita karibu na jiko la mkaa uani, na umeme ukikatika jioni kuna mshumaa mezani, jirani na keki.

Poliesta na nailoni zikishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi, hivyo jeraha huwa la kina. Mwaka 2014 nchini Uingereza, mtoto wa mtangazaji maarufu wa televisheni aliungua vibaya baada ya vazi lake la sherehe kugusa mshumaa, na tukio hilo lilizua mjadala mkubwa kuhusu usalama wa mavazi ya sherehe ya watoto dhidi ya moto. Gauni linaloshonwa barazani halipimwi na mtu. Kinachobaki ni busara ya fundi na mzazi: mikono isiwe mipana ya kuning'inia, rinda lisiburuze chini, na mtoto mwenye mshumaa awe na mtu mzima pembeni yake. Baada ya ibada abadilishwe nguo kabla ya kuruhusiwa kucheza karibu na jiko.

Ikitokea nguo imeshika moto, mtoto asiachwe akimbie, kwa sababu kukimbia huupepea moto. Alazwe chini abingirishwe, au afunikwe kwa blanketi zito au khanga nzito za pamba zilizokunjwa. Sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida, si barafu, kwa dakika 20. Nguo iliyonata isibanduliwe. Dawa ya meno, mafuta, unga na hata asali ya nyumbani visipakwe. Mtoto afunikwe kwa kitambaa safi na kuwahishwa hospitali.

Kwa walio wadogo zaidi, hatari huwa kwenye mapambo. Shanga na vifungo vya gauni la mtoto aliye chini ya miaka mitatu huishia mdomoni vikilegea, na vinaweza kumkaba. Kamba ndefu shingoni hazifai kwa umri wowote wa utoto, maana hunasa kwenye mlango au tawi. Na pini zihesabiwe: idadi iliyochomwa wakati wa kushona ndiyo idadi inayorudi kwenye kopo kabla gauni halijakabidhiwa.

Siku ya kujaribu

Familia nyingi hutarajia gauni livaliwe tena na mdogo mtu, na hilo ni jambo jema kwa mfuko. Lakini satini haisamehi alama. Pindo likishushwa, mkunjo wa zamani hubaki kama kovu. Fundi mwenye maono huacha akiba sehemu zinazojificha, kama kiunoni chini ya mkanda, au hupanga mapema kwamba mstari wa pindo utakuja kufunikwa kwa lesi.

Yote haya yanahitaji muda, na muda ndio mzazi anaoweza kuutoa bila kuongeza fedha nyingi. Kitambaa kikifika kwa fundi wiki tatu kabla, kuna nafasi ya kukifua, kukata bila haraka, kupiga bandi na kuacha rinda lining'inie. Kikifika siku tano kabla, hata fundi hodari atashona nje tu.

Siku ya kujaribu, mzazi aligeuze gauni kwanza na kupitisha kiganja chake ndani, kuanzia shingoni, makwapani, kiunoni hadi kwenye zipu. Panapokwaruza kiganja cha mtu mzima patamwasha mtoto. Kisha mtoto alivae na kufanya yale atakayoyafanya siku yenyewe: ainue mikono yote miwili, apige magoti, aketi sakafuni, ainame kufunga kiatu, akimbie hadi mlangoni na kurudi. Aulizwe yeye mwenyewe wapi panabana na wapi panachoma, na asijibiwe na mama wala fundi. Ndiyo maana siku hiyo iwe angalau wiki moja kabla ya sherehe, ili panaporekebishwa parekebishwe kwa utulivu.